Kianze kukisoma kitakoni

Mtu akiokota kigumba cha jiwe, yaani kichwa cha mshale, jicho lake hukimbilia nchani. Ni chembamba, ni kipana, kina mbavu zilizopinda. Basi anatafuta picha inayofanana nacho na kukipa jina. Mimi naona huko ni kuanzia mwisho. Ncha ndiyo sehemu yenye uongo mwingi. Ilivunjika windoni, ikanolewa papo hapo ikiwa bado imefungwa kwenye uti wake, ikavunjika tena, ikanolewa tena. Kilichoanza kirefu kikaishia kifupi na butu. Ukiweka mezani kirefu kisichonolewa na kifupi kilichonolewa utaapa vilitoka kwa watu wasiojuana, na mimi nimeshaapa hivyo zaidi ya mara moja.

Kitako, upande wa chini uliofungwa kwenye uti, hakikunolewa, maana kilizamishwa ndani ya kamba. Kisome hicho. Vigumba vya mtindo wa kale uitwao Clovis, vya Amerika Kaskazini, vyenye umri wa takriban miaka 13,000, vina mfuo, yaani mfereji wa juujuu, uliobanduliwa kutoka kitakoni na kukomea njiani. Kwenye vya mtindo wa Folsom vilivyofuata, mfuo hupanda karibu hadi nchani. Pitisha kidole kwenye kingo za chini: zimesagwa makusudi, zisikate kamba.

Hata jina tunalovipa lina kasoro. Vya Clovis na Folsom vilikuwa vya mikuki. Uta ulienea huko maelfu ya miaka baadaye. Vya mishale hasa huwa vidogo na vyepesi, shingo nyembamba.

Na wanaosema mtindo fulani ni kabila fulani, wamkumbuke Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi, wenyeji wa California, aliyejitokeza mwaka 1911 na kuchonga vigumba mbele ya wageni wa makumbusho, vingine kwa kioo cha chupa. Vilipolinganishwa baadaye, vilifanana zaidi na vya majirani wa Wayahi kuliko vya Wayahi wenyewe.

Kwa hiyo nikionyeshwa kigumba, swali langu la kwanza ni kilikuwa kimelala wapi na pamoja na nini. Huko Folsom, New Mexico, mwaka 1927, wachimbaji walikuta kimoja katikati ya mbavu za nyati wa aina iliyokwisha kutoweka. Hawakukichomoa. Walipeleka telegramu, wakakiacha ardhini mpaka wataalamu wengine walipofika na kukiona kwa macho yao.