Inama, Picha Iko Dimbwini

Jioni pale Forodhani, Unguja, jua likikaribia kuzama, simu zote huelekezwa baharini na zote hurudi na picha ile ile. Nyuma ya migongo hiyo, maji yametuama sakafuni, na taa za meza za pweza na urojo zinaning'inia ndani yake kichwa chini miguu juu. Kwangu mimi, hiyo ndiyo picha.

Wengi hulikosa dimbwi kwa sababu wanalipiga wakiwa wamesimama. Ukiyatazama maji kutoka juu moja kwa moja, yanakurudishia takriban asilimia 2 tu ya mwanga; unachoona ni tope na kokoto. Shuka hadi utazame kwa pembe ya nyuzi 10 hivi kutoka usawa wa maji, nayo yatakurudishia karibu theluthi. Kwa hiyo igeuze simu, lenzi ziwe upande wa chini, uishike sentimita 2 au 3 juu ya maji. Dimbwi la ukubwa wa sinia litaonekana kama ziwa. Dimbwi la kwenye lami nyeusi ni bora kuliko la udongo mwekundu, maana maji ya tope yana rangi yake na huifuta taswira. Upepo ukipita, subiri. Dimbwi dogo hutulia upesi.

Halafu kuna fokasi, na hapa hata wazoefu hujikwaa. Usiguse ukingo wa dimbwi kwenye skrini, gusa jengo lililomo majini. Taswira haikai juu ya maji: kwa lenzi, iko mbali kama jengo lenyewe lilivyo mbali. Kioo cha pembeni cha bodaboda ni kinyume chake. Kwa kuwa kimebinuka, mtaa mzima unajikunja na kukaa nyuma kidogo tu ya kioo, hivyo simu inabidi ifokasi karibu. Na mwenye kamera iliyofungwa filta ya polaraizi aivue au aizungushe, kwani kazi yake ni kuua mng'ao huo huo anaoutafuta.

Ukiacha taswira, kuna kivuli, nacho kinataka saa. Machi na Septemba, kwetu huku karibu na ikweta, jua hupanda takriban nyuzi 15 kila saa. Saa moja na nusu asubuhi kivuli cha mtu hukaribia mara nne ya kimo chake. Saa tatu na nusu kinalingana naye. Baada ya hapo rudi nyumbani unywe chai. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua hupita utosini kabisa Dar es Salaam muda mfupi baada ya saa sita, na nguzo ya umeme hubaki karibu bila kivuli. Hicho nacho ni kituko kinachostahili picha moja.

Gusa sehemu yenye jua, kisha punguza mwangaza mpaka kivuli kiwe cheusi kweli. Simu za sasa hupenda kuchanganya picha kadhaa ili kuung'arisha weusi. Kazi hiyo huitwa HDR; izime, la sivyo utapata kivuli cha kijivu kisicho na nguvu. Faida nyingine: Mji Mkongwe, ambako wengi hawapendi kupigwa picha, kivuli ukutani hakimwaniki mtu uso.

Ukali wa ukingo wa kivuli unahesabika. Ukungu wake ni kama sehemu moja ya mia ya umbali kati ya kitu na ukuta: tawi lililo mita 1 kutoka ukutani lina ukungu wa sentimita 1. Kipimo hicho hicho kinaeleza vile vidoa vya mviringo chini ya mwembe. Kila kidoa ni sura ya jua iliyopenya mwanya mdogo wa majani. Mwanya ulio mita 5 juu hutoa duara la sentimita 5 hivi. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki pete huko Rujewa, Mbeya, vidoa vya namna hiyo navyo viligeuka pete.

Tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa tena, na Kenya litaonekana limemegwa. Usilikodolee macho. Tafuta mwembe, tandika shuka jeupe chini yake, elekeza simu kwenye shuka.