Fomu ya Juni na nusu saa ya kila mwezi

Nilifanya kazi miaka tisa katika halmashauri moja ya wilaya nyumbani Tanzania, idara ya mipango. Sasa ni mwaka wa sita niko Uingereza, na nimeangukia kazi ileile: halmashauri, idara, mkuu wa kitengo, bajeti isiyotosha. Wenzangu niliowaacha huniuliza kama tofauti ni mshahara. Mshahara ni tofauti, siwezi kukana. Lakini kilichonibadilisha kazini si mshahara. Ni kwamba hapa kuna mtu ambaye kazi yake ni kujua kazi yangu inakwendaje.

Kila aliyetumikia serikali anakijua kitabu cha mahudhurio. Ikifika saa moja na nusu asubuhi mstari mwekundu unapigwa, na aliyechelewa anasaini chini yake. Miaka tisa nilisaini juu ya mstari, isipokuwa siku chache. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilifanya nini kati ya mstari ule na saa tisa na nusu alasiri. Zipo siku nilikaa tangu asubuhi nikisubiri faili litoke masjala na sahihi. Zipo nyingine nilimaliza mpango wa maji wa kata nzima. Kitabu kinasema siku zote hizo zilikuwa sawa.

Si kwamba serikali haikuliona tatizo hili. Mwaka 2004 ilileta OPRAS, kwa Kiswahili MWAMTUKA, yaani mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa kila mtumishi, ili iondoe zile taarifa za siri ambazo bosi aliandika juu yako bila wewe kuziona. Wazo lenyewe nalitetea hadi leo: Julai mnakaa na msimamizi wako mnakubaliana malengo, katikati ya mwaka mnapitia, Juni mnatathmini pamoja. Mimi fomu zangu nilizijaza Juni, jioni moja, malengo na matokeo kwa kalamu moja, kwa sababu nilikuwa nasubiri kupanda daraja na afisa utumishi alitaka nakala kwenye faili. Mkuu wangu wa idara alisaini akiwa amesimama, gari linamsubiri nje.

Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Alikuwa anakaimu, mwaka wa tatu, na idara nyingine alikuwa amebebeshwa pia. Watu wanaozungumzia utendaji serikalini huusahau ukaimu, na mimi naona ndiko mambo mengi yanakoharibikia. Kaimu anabeba lawama zote za cheo, lakini cheo si chake. Akimkemea mtumishi mzembe, kesho anaweza kurudishwa meza ya jirani na mtumishi huyohuyo. Akiamua jambo kubwa na likaenda vibaya, hatathibitishwa. Basi anajifunza kutoamua. Dokezo linapanda juu, linashuka, linapanda tena, na vijana walio chini yake wanajifunza kwake namna mtumishi anavyoishi salama.

Wiki yangu ya kwanza hapa, mkuu wangu mpya aliniwekea kikao cha nusu saa, sisi wawili tu, kila baada ya wiki nne. Nilidhani nimekosea. Nyumbani, kuitwa ofisini kwa bosi peke yako kulikuwa na maana moja. Nikaenda na karatasi zangu zote, tayari kujitetea. Akaniuliza kazi gani imekwama, imekwamia kwa nani, na yeye aingilie wapi. Nikamtajia idhini niliyoisubiri wiki tano kutoka kwa wanasheria. Siku tatu baadaye ikaja, na ujumbe wake chini: samahani, nilipaswa kuuliza mapema. Katika utumishi wangu wote sikuwa nimewahi kuombwa samahani na aliye juu yangu.

Mwezi wa tatu alinieleza, kwa tarehe, kwamba ripoti zangu mbili zilichelewa na zimewaumiza watu wa kitengo kingine. Ilikuwa ngumu kusikia. Lakini aliniambia mimi, usoni, mapema, nikiwa bado naweza kurekebisha. Nyumbani neno kama hilo lingenifikia kupitia minong'ono ya korido au kwa barua ya kunitaka nijieleze, na likishaandikwa hakuna anayefikiria kurekebisha tena. Kila mtu anafikiria kujilinda.

Kuna posho pia, na hapa najua nitawaudhi baadhi yenu. Mshahara wa mtumishi wa chini nyumbani ni mdogo, na posho ya safari au semina ndiyo inayolipa ada za watoto. Nimeipokea na niliihitaji. Kwa hiyo zawadi halisi ya ofisi si kupanda daraja, ni kuwekwa kwenye orodha ya wanaosafiri, na orodha hiyo inatoka kichwani mwa bosi. Aliyebaki ofisini akihudumia wananchi anapata kidogo kuliko aliyekaa siku tatu hotelini akisikiliza mada. Kila mwezi ofisi inawafundisha watumishi wake jambo hilo bila kulitamka. Hapa ninapofanya kazi, nikienda kikaoni mji mwingine narudishiwa nauli, basi. Vikao ni vifupi.

Wengi wetu tuliweka matumaini kwenye hofu. Usafishaji wa 2016 na 2017 kule nyumbani niliuunga mkono kwa moyo wote: wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000 waliondolewa kwenye orodha za mishahara, na watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Fedha ile ilikuwa ya wananchi. Lakini wakati wa uhakiki upandishaji madaraja ulisimama kwa wote, pamoja na waliokuwa wasafi, na hofu ya kutumbuliwa ilipoingia nikaona watu wakiwahi ofisini na kukwepa kusaini chochote.

Uingereza nako wamekosea. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 serikali kuu iliwataka wasimamizi wapange watumishi kwa mafungu, karibu asilimia 10 lazima wahesabiwe kuwa wanahitaji kuboresha kazi yao, hata kama kitengo kizima kimefanya vizuri. Watu walichukiana, na baada ya miaka michache idara zikaanza kuuacha utaratibu huo. Miaka hiyohiyo mishahara ya watumishi wa umma iligandishwa, kisha nyongeza ikawekewa kikomo cha asilimia 1 hadi 2017. Nimekuta wenzangu wenye uzoefu ambao bado wana uchungu wa kipindi kile, na nusu saa ya kila mwezi haiwezi kuufuta.

Ninachokataa ni maneno kwamba mtumishi wa Tanzania kwa asili yake hana ari. Mwaka 2015 kipindupindu kilipofika wilayani kwetu, nilipangwa kwenye timu ya takwimu. Wiki mbili tulifanya kazi hadi usiku, watu wa afya, maji, mipango, madereva, na posho haikutajwa hadi mwisho. Kila jioni mganga mkuu wa wilaya alisimama mbele yetu akasema wagonjwa wapya wangapi, kisima gani kimetiwa dawa, kesho nani anakwenda wapi. Walikuwa watu walewale wa kitabu cha mahudhurio. Tulijua tunachokifuata, tuliona kila siku kama tunakikaribia, na mkubwa wetu alikuwa pale. Ugonjwa ulipoisha tukarudi kwenye mafaili, na hakuna aliyeuliza kwa nini wiki zile mbili zilikuwa vile.

Sasa OPRAS imeondoka na imekuja PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji. Mtumishi anaweka majukumu yake kwenye mfumo, msimamizi anathibitisha. Naufurahia, kwa sababu karatasi haipotei tena na si rahisi kujaza Julai na Juni kwa kalamu moja. Lakini kubofya kunaweza kufanywa ndani ya gari linalosubiri. Ningependa msimamizi mwenyewe apimwe kwa kukaa na watu wake, na anayekaimu athibitishwe au arudishwe ndani ya miezi sita.

Mdogo wangu mmoja tuliyefanya naye kazi amethibitishwa kuwa mkuu wa kitengo mwaka huu. Ana watumishi tisa. Tulipiga hesabu kwenye simu: nusu saa kwa kila mmoja ni saa nne na nusu kwa mwezi, chini ya siku moja ya kazi. Ameanza. Wa kwanza kuitwa alikuwa baba wa makamo, karibu anastaafu, akaingia na barua ya kujieleza ameshaiandika. Mdogo wangu alimwomba aiweke pembeni, akamvutia kiti, akamuuliza nini kimekwama. Walikaa saa nzima.