Rudia mpaka lini? Majina ya machaguo ya kurudia majaribio

Jaribio la programu likiwa linafeli mara moja katika mia, ukaliendesha mara 100, bado kuna uwezekano wa asilimia 37 hivi usione kosa lolote. Ili uwezekano huo ushuke hadi asilimia 5, liendeshe mara 300 hivi. Ndiyo maana zana nyingi za majaribio zina chaguo la kurudia. Majina yake sasa! Wapo wanaotaka yabadilishwe yawe wazi zaidi, na wapo wanaopinga.

Chukua Go, lugha ya programu. Ukiandika `go test -count=1000`, jaribio linarudiwa mara elfu, lakini likifeli mara ya tatu zana inaendelea tu, mpaka uongeze `-failfast`. Tena tangu toleo la 1.10 la mwaka 2018, matokeo yanahifadhiwa kwenye kache (hifadhi ya muda) na kutumika tena bila jaribio kuendeshwa upya, na njia ya kawaida ya kuikwepa ni `-count=1`. Mgeni anasoma “mara moja”. Mwenyeji anasoma “usiniletee majibu ya jana”. Kwenye GoogleTest nako, zana ya majaribio ya lugha ya C++, `--gtest_repeat=-1` maana yake ni kurudia bila kikomo.

Wanaotaka majina yaliyo wazi wana mfano mzuri: CTest, zana ya majaribio inayokuja na CMake (zana ya kujenga programu), katika toleo la 3.17 la mwaka 2020, ilileta `--repeat until-fail:300`. Sharti la kusimama limo ndani ya jina lenyewe. Wanaopinga wanauliza: na skripti za zamani zinazotumia majina ya awali je, ambazo aliyeziandika keshahama kazi? Hoja ni ya kweli, ila CTest iliijibu kwa kuliacha chaguo la zamani, `--repeat-until-fail`, liendelee kufanya kazi.

Kinachonikera mimi ni kingine. Pembeni ya `until-fail` kuna `until-pass`. La kwanza linasaka hitilafu; la pili linaisamehe, kwani jaribio likifeli mara mbili likapita ya tatu, limepita. Lina matumizi yake, hasa pale mtandao unapokatikakatika, lakini saa tano usiku, toleo linatoka kesho, neno moja tu ndilo linalotenganisha kusaka na kufunika. Uwazi wa jina hapo haumsaidii aliyechoka.

Bazel, zana nyingine ya kujenga programu, imeyatenga mambo haya mawili: `--runs_per_test` ya kusaka, `--flaky_test_attempts` ya kusamehe. Na jaribio lililosamehewa halipiti kimyakimya. Kwenye muhtasari linaandikwa FLAKY, yaani kigeugeu, kila mtu alione.