Tusiwasahau watoto
Nimefurahi kusoma kwamba tawi la Koreatown, mtaa wenye Wakorea wengi, la maktaba ya jiji la Los Angeles linatunza vitabu vya Kikorea. Wengine wataona ni anasa. Hapana! Kuna wazee waliohamia Marekani wakiwa watu wazima, na riwaya ya lugha yao ni faraja kubwa. Ombi langu ni kwa watoto waliozaliwa huko: wawekewe hadithi zenye Kikorea ukurasa huu, Kiingereza ukurasa wa pili. Hangeul, mwandiko wa Kikorea uliotangazwa na Mfalme Sejong wa Korea mwaka 1446, ulibuniwa makusudi ili hata mkulima aweze kusoma, maana herufi za Kichina zilizotumika Korea kabla ya hapo zilikuwa ngumu mno kwake. Herufi za Hangeul leo ni 24 tu. Mtoto hazimshindi, mradi kitabu kiwepo.