Wabunge wa Arusha Huondoka, Kumbukumbu Yao Inabaki kwa Nani?

Mwanzoni mwa 2025 Bunge la Afrika Mashariki, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki chenye makao yake Arusha, lilisimamisha shughuli zake kwa kukosa fedha. Michango ya nchi wanachama haikuwa imefika ya kutosha, na vikao na kazi za kamati vikakwama. Mjadala uliofuata ulielekea upande mmoja: hivi tunawahitaji kweli wabunge tisa kutoka kila nchi, pamoja na posho zao na safari zao? Swali ni halali. Ila lilipokuwa likiulizwa, kulikuwa na watu wengine waliotiwa kapu moja na wabunge bila hata kutajwa, nao ni watumishi wa ofisi ya Katibu wa Bunge. Walipotajwa waliitwa “gharama za utawala”, na kila penye uhaba wa fedha gharama za utawala huwa za kwanza kukatwa.

Hapo ndipo hesabu inapokosewa. Makatibu mezani wanaomnong’oneza Spika kanuni inasema nini, makatibu wa kamati, wanasheria wanaonyoosha lugha ya miswada, wahariri wa Hansadi (kumbukumbu rasmi ya mijadala), watafiti, wahasibu, Mpambe wa Bunge na wale wanaohangaika na tiketi na viza si mapambo ya Bunge. Kwa namna Bunge hili lilivyoundwa, hao ndio sehemu pekee yenye nafasi ya kukumbuka jana kulifanyika nini.

Wanaotaka mkasi upite wana hoja, tena nzito. Bajeti ya Jumuiya nzima kwa mwaka 2023/24 ilizidi dola milioni 103, na sehemu iliyotoka kwa nchi wanachama iligawanywa sawa kwa sawa. Ibara ya 132 ya Mkataba ulioanzisha Jumuiya haikuangalia ukubwa wa uchumi: Burundi ilitakiwa kutoa kiasi kile kile ilichotoa Kenya. Kwa hiyo kila nafasi mpya ya kazi Arusha ina uzito tofauti kwa mlipakodi wa Bujumbura na kwa yule wa Nairobi. Kisha kuna jengo lenyewe. Makao makuu yaliyozinduliwa Novemba 2012, kwa msaada wa euro milioni 14 kutoka Ujerumani, yanahifadhi Sekretarieti, Mahakama na Bunge. Wakosoaji huuliza: kama wote wako chini ya paa moja, kila chombo kina haja gani ya wahasibu wake, maofisa manunuzi wake na mafundi kompyuta wake? Katibu Mkuu ndiye ofisa masuuli wa Jumuiya, yaani anayewajibika kwa matumizi ya fedha zake, kwa mujibu wa Mkataba. Asimamie utumishi mmoja kwa wote, na fedha zitakazobaki ziende kwenye vituo vya mipakani na barabara.

Hoja hiyo ina nguvu kwenye mambo ya magari, ulinzi wa jengo na mitambo ya intaneti. Sioni sababu ya Bunge kuwa na mkataba wake wa usafi. Lakini inapovushwa kutoka huko hadi kwenye utumishi wenyewe wa kibunge, inaanza kuvunja kitu ambacho hakijengeki upya kwa mwaka mmoja wa bajeti.

Tazama muda wa kila mtu aliyemo. Ibara ya 51 inampa mbunge miaka mitano, na akichaguliwa tena, mitano ya mwisho. Hakuna mbunge anayeweza kukaa zaidi ya miaka kumi, hata awe hodari kiasi gani. Spika hukaa miaka mitano na kiti kinahamia nchi nyingine: Kinana kutoka Tanzania, Abdi kutoka Kenya, Zziwa na baada yake Kidega kutoka Uganda, Ngoga kutoka Rwanda, na sasa Ntakirutimana kutoka Burundi. Kwa nchi nane, zamu ikienda sawasawa, nchi iliyotoa Spika itasubiri miaka 40 kabla ya kumtoa mwingine. Mawaziri wanaoketi kwa nyadhifa zao hubadilika kila rais wao anapopangua baraza. Wabunge wa taifa wanaowachagua hawa wa Arusha nao huja na kuondoka kwa kalenda nane tofauti za uchaguzi.

Tungetarajia basi kwamba angalau watumishi wangekuwa na muda mrefu. Sivyo. Watumishi wa ngazi ya kitaaluma wa Jumuiya huajiriwa kwa mkataba wa miaka mitano unaoweza kuhuishwa mara moja. Nao wana miaka kumi. Katibu wa kamati aliyeingia pamoja na mbunge mpya anaweza kuondoka naye mwaka ule ule, na wote wawili wakaondoka na yale waliyojifunza.

Jambo hili linanisumbua kuliko takwimu yoyote ya posho, kwa sababu sheria za kikanda hazikomai haraka. Chukua sheria ya kudhibiti uzito wa magari, ile iliyoweka kikomo cha tani 56 kwa lori, na ile ya vituo vya pamoja vya mipakani. Zote zilipitishwa na Bunge mwaka 2013 lakini ziko vitabuni kama sheria za mwaka 2016. Kati ya kupitishwa na kuwa sheria kuna saini za wakuu wote wa nchi, na Ibara ya 63 inampa kila mmoja wao uwezo wa kuukwamisha muswada kwa kukataa kuusaini. Baada ya saini zinakuja kanuni ndogo, halafu sheria za nchi zinazogongana nazo, halafu maswali ya kwa nini dereva bado anasimamishwa mara mbili kwenye mpaka mmoja. Mbunge aliyesimamia hoja siku ya kwanza huenda keshamaliza muda wake kabla ya swali hilo kuulizwa. Anayejua kifungu fulani kiliandikwa hivyo kwa sababu gani, nchi ipi ilikipinga na kwa hoja ipi, ni mtumishi, kama bado yupo. Kama hayupo, inabaki Hansadi, na Hansadi nayo inahitaji mtu wa kuihariri, kuitunza na kuijua.

Mara mbili tayari Bunge hili limebaki bila wabunge kabisa. Muda wa Bunge la Kwanza uliisha Novemba 2006, lakini ubishi wa jinsi Kenya ilivyowapata wawakilishi wake ulifika mahakamani, na Bunge la Pili likaanza kazi Juni 2007. Muda wa Bunge la Tatu ukaisha Juni 2017. Kenya ilikuwa katikati ya uchaguzi wake mkuu na haikuwa imechagua wabunge wake, kwa hiyo Bunge la Nne likaapishwa Desemba 18. Kila pengo lilizidi nusu mwaka kidogo. Katika miezi hiyo hapakuwa na Spika, wala kamati, wala mtu wa kuuliza swali. Ofisi ya Katibu wa Bunge ndiyo iliyobaki ikishika miswada iliyokatizwa njiani na maombi ya wananchi yasiyojibiwa, ikiandaa kuwapokea watu wapya ambao wengi wao hawajawahi kufanya kazi ya bunge lenye mawaziri wa nchi kadhaa na lisilo na serikali moja ya kuibana.

Safari nazo zina upande usiosemwa. Ibara ya 57 inataka nusu ya wabunge wa kuchaguliwa wawepo ili kikao kihalalike, na katika hao wawepo angalau theluthi moja kutoka kila nchi. Kwa wabunge tisa, hiyo ni watatu. Ujumbe wa nchi moja ukikosa ndege ukafika na watu wawili tu, ukumbi mzima unabaki bila akidi hata kama viti vingine vyote vimejaa. Kwa hiyo yule ofisa anayelipia tiketi kwa wakati anahusika moja kwa moja na uhalali wa sheria itakayopitishwa siku hiyo. Unaweza kusema, na mimi nasema, kwamba desturi ya kuzungusha vikao kwenye miji mikuu imekuwa ghali. Mkataba unadai Bunge likutane Arusha angalau mara moja kwa mwaka; mengine ni uamuzi wa Bunge lenyewe, na linaweza kuyapunguza. Lakini mtu akikata watumishi huku akiacha mzunguko ulivyo, ameacha gharama kubwa na kukata ile ndogo inayofanya gharama kubwa izae kitu.

Swali la pili, ambalo ndilo chanzo cha mvutano wenyewe, ni nani anawaajiri. Ibara ya 49 inalipa Bunge haki ya kupendekeza uteuzi wa Katibu na maofisa wake, lakini linapendekeza kwa Baraza la Mawaziri la Jumuiya, yaani kwa watu ambao Bunge limepewa kazi ya kuwahoji. Sheria ya Uendeshaji wa Bunge ya mwanzoni mwa muongo wa 2010 ilikusudia kupunguza utegemezi huo kwa kuunda Tume ya Bunge chini ya Spika. Imesaidia. Hata hivyo fedha na nafasi za kazi bado zinapita mikononi mwa Baraza, na mzozo wa mgao wa ajira kati ya nchi umewahi kusimamisha uajiri katika Jumuiya na kuacha meza bila watu.

Kinachoshangaza ni kwamba nchi hizi hizi zilikwishaamua suala hili kwa mabunge yao. Uganda ilipitisha sheria ya uendeshaji wa Bunge mwaka 1997. Kenya ilifanya mabadiliko ya katiba mwaka 1999, kwa hoja iliyopiganiwa na Peter Oloo Aringo, na watumishi wa Bunge wakaacha kuwa watu wa serikali kuu. Tanzania ikafuata mwaka 2008 kwa sheria yake ya uendeshaji wa Bunge. Zote tatu ziliona kwamba mshauri wa Bunge hawezi kumtegemea waziri kwa mshahara na kupandishwa cheo.

Wapinzani wa uhuru huo watakumbusha yaliyotokea Kenya baadaye, na wana haki ya kukumbusha. Wabunge walipopata tume yao ya kuendesha Bunge kwa mabadiliko hayo ya 1999, hawakuishia kwenye watumishi. Walijipandishia mishahara mwaka 2003 hadi taifa likaghadhibika, na katiba ya 2010 ikalazimika kuunda tume nyingine ya kusimamia mishahara. Hofu ya kuliona hilo Arusha si ya kijinga. Lakini Mkataba umekwisha kuweka kizuizi: Ibara ya 51 inasema masharti ya utumishi ya wabunge huamuliwa na Wakuu wa Nchi kwa mapendekezo ya Baraza. Bunge likipewa uhuru wa kuajiri mtafiti au mhariri, mlango wa kujiongezea mishahara unabaki umefungwa. Haya ni mambo mawili, na kuyachanganya kumewaumiza watumishi kwa hofu inayowahusu wabunge.

Mahakama ya Afrika Mashariki nayo ililigusa jambo hili mapema. Katika kesi ya Mwatela na wenzake, iliyoamuliwa Oktoba 2006, Baraza lilikuwa limejaribu kuichukua miswada binafsi ya wabunge. Mahakama ikasema Baraza haliwezi kufanya hivyo bila ridhaa ya Bunge, na kwamba maamuzi ya Baraza hayalifungi Bunge katika eneo lake. Chombo ambacho maamuzi ya mawaziri hayakifungi, lakini ambacho watu wake wanaajiriwa na mawaziri hao hao, kina uhuru wa karatasi.

Gharama yake huonekana siku za dhoruba. Desemba 2014 Bunge lilimwondoa Spika Margaret Zziwa katikati ya muhula, na mwaka 2017 Mahakama ikaona kwamba uondoaji huo ulikiuka Mkataba. Katika mgogoro wa namna ile, wabunge wamegawanyika na kila kambi ina tafsiri yake ya kanuni. Anayeweza kusema “hapa hatujafuata utaratibu” na asikilizwe ni ofisa ambaye ajira yake haitegemei kambi yoyote, wala serikali yoyote iliyo nyuma ya kambi hiyo. Ofisa wa aina hiyo hulelewa kwa miaka mingi.

Mzigo wenyewe unaongezeka. Mwaka 2001 Bunge lilianza na wabunge 27 wa kuchaguliwa kutoka nchi tatu. Bunge la Tano lilianza Desemba 2022 likiwa na 63 kutoka nchi saba, na Somalia imejiunga tangu hapo. Burundi na Kongo zimekuja na Kifaransa, na wakuu wa nchi wamefungua mlango kwa Kiswahili na Kifaransa kando ya Kiingereza. Hilo ni jema, na Kiswahili kimelisubiri kwa muda mrefu. Lakini muswada wa forodha katika lugha tatu unahitaji wakalimani, wafasiri na wanasheria watakaohakikisha kwamba kifungu kinasema jambo lile lile mara tatu. Nchi zinazoongeza lugha huku zikichelewesha michango zinawaagiza watu wachache kufanya kazi ya wengi.

Basi zikatwe safari za vikao vya mzunguko kwa miaka michache. Huduma za jengo ziunganishwe. Kamati ya Hesabu iikague ofisi ya Katibu kwa ukali ule ule inaoutumia kwa Sekretarieti. Lakini mafungu ya Hansadi, utafiti, wanasheria na makatibu wa kamati yawekewe ulinzi kwenye bajeti, yalipwe kwanza michango inapoingia, na mikataba ya watumishi hao ipangwe kwa zamu ili isiishe kwa pamoja, tena Tume ya Bunge iwe na kauli ya mwisho juu yake.

Muda wa Bunge la Tano unaisha Desemba 2027. Kenya itakuwa imetoka kwenye uchaguzi mkuu mwezi Agosti mwaka huo, ikiwa na takriban miezi minne ya kuapisha bunge lake, kukubaliana ndani ya vyama na kuchagua watu tisa wa kwenda Arusha. Ikichelewa kama ilivyochelewa mwaka 2017, ukumbi utakuwa mtupu tena, na idadi ya watumishi watakaokuwa wamebaki kwenye ofisi ya Katibu inaamuliwa na bajeti zinazojadiliwa kabla ya hapo.