Mzinga Ulivunja Watu Kabla ya Kuvunja Meli

Jumamosi iliyopita niliwapeleka wapwa zangu wawili kwenye jumba moja la makumbusho huku pwani, na jambo nililolisikia pale linanikera mpaka leo. Mwongozaji alimwachia mdogo wao, mwenye miaka tisa, aweke viganja vyake juu ya tufe la mzinga lililoliwa na kutu, kisha akatueleza kwamba tufe lile likiigonga meli ya adui lililipuka, meli ikapasuka katikati na kuzama papo hapo. Wageni wakashangaa, simu zikatolewa, picha zikapigwa. Mtoto akauliza kama watu waliokuwamo walijua kuogelea. Akajibiwa kwamba baadhi yao walijua, na kundi likasogezwa kwenye chumba cha pili.

Sikumsahihisha mbele ya watu, kwa sababu kumvunjia mtu heshima kazini kwake si uungwana. Hata hivyo, swali la mtoto limenikaa kooni. Mabaharia wengi waliouawa na mizinga ya manowari za mbao hawakufa maji. Walifia ndani ya meli zilizokuwa bado zinaelea, na mara nyingi kilichowaua hakikuwa chuma cha tufe, bali mti wa meli yao wenyewe.

Tuanze na tufe. Mizinga mikubwa ya HMS Victory, meli aliyokuwa nayo Nelson, amiri wa Waingereza, kwenye vita vya Trafalgar, pwani ya Uhispania, mwaka 1805, ilirusha matufe ya ratili 32, yaani kilo 14 na nusu hivi. Lilikuwa pande la chuma kitupu, halina baruti ndani, na kisicho na baruti hakilipuki. Lilisukumwa na baruti yenye uzito wa karibu theluthi moja ya uzito wake, kutoka kwenye mzinga unaokaribia tani tatu, likaenda kuugonga ubavu wa mwaloni ambao kwenye meli kubwa za aina ile ulifikia unene wa sentimeta 60. Likifika kwa kasi kubwa lilitoboa tundu lisilozidi sana upana wake, na nyuzi za mti zilizosukumwa kando zikajirudi na kulibana tundu lile. Chini, kwenye usawa wa maji, mafundi seremala walikuwa wakizunguka wakati wote wa vita wakiwa na vigingi vya mbao, vipande bapa vya risasi na nyuzi za kalafati, wakiziba kila penye kuvuja. Yeyote aliyewahi kukaa na mafundi wa majahazi Lamu au Pangani anafahamu kwamba chombo cha mti hakizamishwi na tundu moja, wala kumi, maadamu kuna mikono ya kuziba na mikono ya kupiga pampu.

Upande wa ndani wa ubavu ndiko kulikokuwa na msiba. Tufe linapotokea ndani halitoki peke yake. Hung'oa ubao kwa nyuma na kuurusha mbele yake kama vibanzi. Neno letu ni dogo kwa jambo hili, maana kibanzi tunachokijua sisi ni kile cha jichoni, kinachosemwa pamoja na boriti. Vibanzi vya manowari vilikuwa vya kila kimo, kuanzia sindano hadi vipande vya urefu wa mkono wa mtu mzima, vyenye ncha na miiba, na viliruka kwa pamoja ndani ya sitaha yenye dari fupi iliyojaa watu. Wapiga mizinga walilijua hili kwa undani. Meli zikikaribiana sana walipunguza baruti, au walishindilia matufe mawili kwenye mzinga mmoja, kwa kuwa tufe linalokwenda polepole huchana ubao vibaya zaidi kuliko linalokwenda mbio. Hayo yalikuwa maarifa ya kazi, yaliyofundishwa na kurudiwa mpaka yakawa mazoea.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa majahazi. Siku moja alikuwa akichonga taruma kwa tezo, mti umekauka, tezo likateleza kwenye kifundo, na kipande kisichozidi urefu wa kidole kikaruka na kumwingia mkononi, chini ya kiwiko. Alikitoa mwenyewe kwa meno. Wiki tatu baadaye mkono ulikuwa umevimba na kutoa usaha, mpaka mama alipomkalisha barazani, akaukanda kwa maji ya moto na kukikamua kipande cha mwisho, cheusi, chembamba kama uzi, ambacho hakuna aliyejua kuwa kilibaki. Mjomba aliondoka duniani akiwa hawezi kukunja kidole chake cha mwisho. Hilo lilikuwa pigo moja la tezo, la mkono wa mzee mmoja. Nilipokuwa nimesimama mbele ya tufe lile, nilikuwa nikiufikiria mkono wake.

Wapo wanaodai kwamba habari za vibanzi zimetiwa chumvi. Mwaka 2014, nchini Uswidi, ulifyatuliwa mzinga ulioundwa kwa mfano wa mizinga ya Vasa, manowari ya Uswidi ya karne ya 17, ukielekezwa kwenye ubavu wa meli uliojengwa upya kwa ajili ya jaribio hilo. Tufe lilipenya moja kwa moja na vipande vya mti vikatawanyika upande wa pili. Lakini mimi sihitaji jaribio, kwa kuwa matayarisho ya mabaharia wenyewe ni ushahidi wa kutosha. Kabla ya vita walibomoa viambaza vya vyumba, wakaondoa samani na kuziteremsha ngamani, au hata kuzitupa baharini. Mashua walizishusha na kuzikokota nyuma ya meli, ili zisipigwe zikiwa juu ya sitaha na kugeuka vibanzi. Vitanda vyao vya turubai walivikunja na kuvipanga ukingoni kuwa ngao. Sitaha waliimwagia mchanga, miguu isije ikateleza kwenye damu. Mtu anayeogopa kuzama tu hamwagi mchanga sakafuni. Na katika watu waliopita juu ya mchanga huo, wakikimbia na baruti mikononi kutoka ghalani hadi kwenye mizinga, walikuwamo watoto wa miaka 12 na 13, wanaompita mpwa wangu kwa miaka mitatu au minne tu.

Itazameni Trafalgar yenyewe, tarehe 21 Oktoba 1805. Meli kubwa 27 za Waingereza zilipambana na 33 za Wafaransa na Wahispania. Katika vita vyote hivyo, meli iliyoteketea wakati wa mapigano ilikuwa moja, Achille ya Wafaransa, nayo iliteketezwa na moto ulioishia kwenye baruti yake. Waingereza hawakupoteza hata meli moja. Wakati huohuo Waingereza wapatao 450 waliuawa, na upande wa pili waliokufa walipita 4,000 kwa hesabu zinazotajwa mara nyingi. Victory ilipopita nyuma ya Bucentaure, meli ya amiri Villeneuve, iliipiga kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, mahali palipokuwa na madirisha ya vioo badala ya mwaloni, na matufe yakapita kwa urefu wote wa sitaha, kutoka tezi hadi omo, bila ya ukuta wa kuyazuia. Redoutable ya kapteni Lucas ilikuwa na watu 643. Zaidi ya 500 kati yao waliuawa au kujeruhiwa, na jioni ile meli bado ilikuwa juu ya maji.

Ninakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba milipuko ilikuwapo. Usiku wa tarehe 1 Agosti 1798, kwenye ghuba ya Abukir nchini Misri, L'Orient ya Wafaransa ilishika moto, moto ukafika kwenye ghala la baruti, na meli ikaruka vipande vipande. Na baadaye yakaja makombora yenye baruti ndani, ambayo Warusi waliyatumia kuuteketeza msafara wa Waturuki pale Sinop, bandari ya Bahari Nyeusi, mwezi Novemba 1853. Angekuwa anasimulia habari za Sinop, mwongozaji wetu angekuwa sahihi. Lakini tufe alilompa mtoto aliguse ni la zama nyingine.

Tena ushahidi hauko ng'ambo tu. Chini ya kuta za Ngome ya Yesu, Mombasa, limelala gogo la Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyozama Oktoba 1697 Waomani walipokuwa wameizingira ngome. Ilikuja kuwaokoa waliozingirwa. Kamba za nanga zilikatika, ikasukumwa kwenye mwamba, ikapoteza usukani, na ndipo mwisho wake ukawa pale. Wapiga mbizi waliifanyia kazi kuanzia mwaka 1977, na mkuku wake, ule mti wa chini unaobeba chombo, bado ulikuwapo baada ya karibu miaka 300. Meli ya mti ni ngumu kufa, na watu waliomo ndani yake ni wepesi. Naomba yeyote anayesimama mbele ya mizinga na kuwahutubia watoto aanzie hapo.

Usiku wa Jumamosi ile mpwa wangu aliniuliza tena kuhusu kuogelea, nami sikuona haki ya kumficha. Nilimwambia kwamba Redoutable ilizama siku iliyofuata, ikikokotwa na Waingereza katika dhoruba, wakati mizinga ilikuwa imekwisha kunyamaza. Wengi walioweza kusimama waliokolewa. Wengi waliokwenda nayo chini ni majeruhi waliokuwa wamelazwa ndani, ambao hapakupatikana muda wa kuwabeba.