Drili ya upepo hununuliwa kwa kidole

Ukiingia duka la zana Kirinyaga Road ukaulizia drili ya upepo, ile inayoendeshwa kwa hewa ya kompresa, nawe utaulizwa, "Ya kutoboa nini, boss?" Mwaka ule nilipoanza ujenzi nilijibu kwa majivuno: ndege ndogo ninayojijengea mwenyewe. Muuzaji alicheka, akaniwekea mezani kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, yenye mdomo wa kumeza biti ya milimita 10 na kelele kama matatu iliyong'oka ekzosi. "Hii ni nguvu tupu, mzee." Nikalipa bila hata kuiomba iunguruke. Simlaumu. Nilinunua kama mtu anayejenga daraja.

Bati la alumini la ndege ndogo mara nyingi halifiki unene wa milimita moja. Nguvu ya kulitoboa hata drili ya mtoto inayo. Shida iko mwanzoni kabisa, pale biti inapotakiwa kugusa alama, izunguke taratibu hadi ikae, kisha ndipo uiachilie ikimbie. Drili yangu ilikuwa na hali mbili tu: imelala, au imerukwa na akili. Nikigusa kifyatuo, biti inateleza juu ya bati kama mlevi kwenye matope. Wiki haikuisha kabla haijaniachia tundu lenye umbo la yai kwenye bati la mkia. Riveti, ile pini inayoshikanisha mabati, ikigongwa hutanuka ili ijaze tundu lake, na tundu la yai hailijazi sawasawa. Bati lile sasa ni sinia la kuwekea skrubu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza drili gani anunue, simwambii kampuni wala bei. Namwambia aende na biti mfukoni, biti nyoofu aliyoiviringisha juu ya kioo akaona haichezi, aifunge, aombe mpira wa upepo, kisha abonyeze kidogokidogo. Je, unaweza kuizungusha polepole kiasi cha kuona mifereji ya biti ikipita? Na ukiiachilia ikimbie, ncha inabaki mahali pamoja au inachora duara? Duka lisipokuwa na kompresa, fundi wa pancha hayuko mbali. Asiyekubali uijaribu, mshukuru uondoke.

Mengine yanafuata. Mdomo wa milimita 6 unatosha, kwa sababu kazi karibu yote ni ya biti mbili. Wamarekani huziita namba 40 na namba 30, yaani milimita 2.49 na 3.26. (Biti ya 2.5 ya hapa mjini inafaa kabisa badala ya namba 40. Hiyo nyingine iagize, maana 3.2 inabana na 3.3 inalegea.) Mizunguko kati ya 2,500 na 3,500 kwa dakika inakata alumini safi. Uzito uwe chini ya kilo, maana ndege kama zile za Van's, kampuni ya Marekani ya ndege za kujijengea, zina riveti zaidi ya 10,000, na kiwiko hakisahau. Angalia pia upepo unatokea wapi. Unaotoka chini ya mpini ni heri. Unaotoka mbele utakurushia vumbi la alumini usoni na ukungu wa oili kwenye bati unalotaka kupiga rangi.

Drili ninayotumia leo ni kuukuu, ya mkono wa pili, ilikuja ndani ya sanduku la nguo la shemeji kutoka Seattle. Rangi imeisha, lakini kifyatuo chake ni laini kama siagi. Hapa ndipo upepo unapoishinda stima: mashine ya umeme ya Marekani ni ya volti 120 na plagi zetu ni 240, lakini drili ya upepo haijui volti. Inachojua ni nyuzi za skrubu. Kiungo cha mpira wa upepo cha Marekani cha robo inchi kina nyuzi 18 kwa inchi, na cha Kiingereza, tulichozoea huku, kina 19. Vitashikana mizunguko miwili, utadhani umefaulu, kisha utasikia msss usiku kucha. Nunua adapta, usilazimishe.

Na kompresa usiipime kwa maandishi ya kwenye boksi. Uwanja wa ndege wa Wilson, hapa Nairobi, uko futi 5,536 juu ya bahari, na shinikizo la hewa huku ni pungufu kwa takriban asilimia 18 kuliko Mombasa. Kila pigo la pistoni linavuta hewa pungufu, kwa hiyo tangi linachelewa kujaa, nayo drili inakula upepo vibaya. Mimi natoboa matundu machache, nasubiri, nakunywa chai. Kila jioni namwaga maji ya tangi, na asubuhi natia drili matone mawili ya oili. Majirani wameshazoea, isipokuwa Jumapili.

Wapo watakaosema drili ya betri inatosha. Ukijenga ndege ya riveti za kuvuta, zile zinazobanwa kwa kuvutwa badala ya kugongwa, kama za kampuni ya Zenith, sitabishana nawe. Lakini riveti za kugonga zinahitaji nyundo ya upepo, kwa hiyo kompresa utainunua tu, na ukishakuwa nayo sioni kwa nini ubebe betri mkononi siku nzima. Yangu ya betri naitumia kwa chuma na matundu makubwa, kazi za mwendo wa pole.

Ile kubwa ya Kirinyaga Road nilimpa fundi wa mageti, Kariobangi. Anaisifu kila tukikutana.